Kasha la Karatasi la Kuhifadhia Kumbukumbu

Kasha la kumbukumbu ni sanduku dogo la kadibodi lililovishwa karatasi ya mapambo, la kuwekea picha, barua, pete au shanga za bibi. Huko Maji ya Chai, kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi, malighafi zake karibu zote ziko jirani: majalada ya kaunta buku zilizokwisha, karatasi ya kaki, na magome makavu ya migomba inayostawi kwenye miteremko ya Mlima Meru. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, na ya kaki haikosekani madukani. Kaki imara kuliko zote ni ya mfuko wa saruji; ikishafutwa vumbi vizuri, haichaniki ovyo hata ikilowa gundi.

Kwa kasha la sentimita 20 kwa 14, kimo 8, kadibodi ya milimita 2 hukatwa kwa kisu kikali na rula ya chuma. Kuta ndefu huwa na sentimita 20. Fupi, zinazoingia katikati yake, 13.6. Uso wa kifuniko hukatwa 20.7 kwa 14.7, kisije kikakwama karatasi ikiongeza unene. Viungo hushikwa kwa gundi nyeupe ya seremala.

Kazi yenyewe hasa ni kuvisha. Karatasi ikipakwa gundi hulowa na kutanuka. Ikikauka husinyaa, huvuta kadibodi, na ukuta uliokuwa umenyooka hupinda. Nyuzi za karatasi hutanuka zaidi kwa unene kuliko kwa urefu, hivyo mwelekeo wake ujulikane kabla ya kukata. Kipande kidogo kikiloweshwa upande mmoja hujikunja kama mrija, nao mrija hulala sambamba na nyuzi. Nyuzi za karatasi na za kadibodi zielekee upande mmoja, kisha ndani nako kuvishwe karatasi ya uzito uleule ili mvuto wa nje upate wa kuujibu. Wengi huacha ndani wazi kuokoa karatasi, na hapo ndipo kazi nzuri huharibika.

Gundi ya kuvishia ni unga wa ngano, kijiko kimoja kwa vijiko vitano vya maji, hukorogwa motoni hadi ung'ae kama uji mzito, ukachujwa. Mende huipenda na ukungu huota juu yake, basi hupikwa kidogo na kutumika siku hiyohiyo. Msimu wa masika makasha hukauka polepole, na kuyaanika juani ili kuwahi huyapinda.

Magome ya mgomba hulainishwa kwa maji, hunyooshwa kwa mgongo wa kijiko, kisha hupangwa juu ya kifuniko kwa rangi zake za asili, kutoka manjano hafifu hadi kahawia iliyokolea. Gazeti lisitumike ndani: lina asidi inayochafua picha. Kasha lililokamilika huachwa wazi siku kadhaa, kwa kuwa unyevu uliobaki hugandisha picha zikashikana.