Mikono Miwili na Gunia la Majani

Ndugu mkulima, hebu jiulize: kutoka shambani kwako mpaka hospitali ni mwendo wa muda gani? Sisi wa Mghange, huku katika vilima vya Taita, tukimpeleka mgonjwa Wesu au Voi twapanda na kuteremka kwa njia ya makona, na mvua ikinyesha ndiyo taabu zaidi. Lakini mtu ambaye moyo wake umesimama, ubongo huanza kuharibika baada ya dakika 4 hivi. Basi piga hesabu mwenyewe. Atakayemwahi ni jirani, si daktari.

Nasema haya kwa uchungu. Mwaka mmoja kijana alitolewa katika bwawa la kunyweshea mboga. Watu tulikuwa wengi. Mmoja alimning'iniza kichwa chini ili maji yatoke, mwingine alikimbia kutafuta gari, na mimi, karani niliyesomea ualimu, nilishika tochi. Hapana hata mmoja wetu aliyempulizia pumzi. Gari lilipofika alikuwa amekwisha fariki.

Kwa hiyo mwalimu wa huduma ya kwanza alipokuja kwetu, nilikaa mbele kabisa. Hakuwa na sanamu ya kufundishia, tukajaza majani makavu katika gunia, likawa ndilo mgonjwa wetu.

Yakupasa kufanya hivi. Mwite mtu aliyeanguka na kumtikisa mabega. Asipoitika, naye hapumui, au anatweta mara moja moja tu, mtume mwenzako apige simu 999 au 112, nawe anza kazi. Mlaze chali juu ya ardhi ngumu, si kitandani. Weka sehemu ya chini ya kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, nyosha viwiko, kandamiza kwa nguvu mpaka kifua kibonyee sentimita 5 hivi, kisha kiache kiinuke. Fanya hivyo mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Kila ukifika 30, inua kidevu chake, ziba pua, mpulizie pumzi 2. Usiyeweza kupuliza, kandamiza tu bila kuacha. Ukichoka, na utachoka upesi, mwenzako akupokee. Aliyezama majini aanziwe kwa pumzi, maana ameumizwa na kukosa hewa. Wala asining'inizwe wala kuminywa tumbo.

Mzee mmoja aliuliza, "Mwalimu, nikimvunja ubavu je?" Akajibiwa, "Ubavu huunga, baba. Endelea."

Wengine hudhani hii ni kazi ya madaktari peke yao. Njia hii ya kukandamiza kifua ilitangazwa Marekani mwaka 1960 na watu watatu wa Baltimore, na mmoja wao, Kouwenhoven, alikuwa mhandisi wa umeme.

Yako mambo mengine ya shambani. Panga likikukata, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi dakika 10 pasipo kuchungulia. Majivu, udongo na mafuta ya taa hayafai kabisa. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe, asifungwe kamba, wala sumu isifyonzwe kwa mdomo. Mvue pete na bangili, mguu au mkono utulizwe kama uliovunjika, abebwe upesi hospitalini, asitembee. Na aliyekunywa dawa ya wadudu usimtapishe. Akiacha kupumua kandamiza kifua tu, usiweke mdomo wako juu ya wake, nawe usisahau kuchukua mkebe wa dawa hiyo daktari ausome. (Nimeona mikebe ya namna hiyo ikitekewa maji ya kunywa. Jamani!)

Chama chenu cha wakulima kikitaka mafunzo, muulizeni kwanza mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu, ambao Serikali iliwagawia mikoba ya vifaa mwaka 2023. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Kenya, kilichoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, hufundisha kazi hii pia, na vilevile St. John Ambulance. Tafuteni siku isiyo ya soko, na vijana waje pamoja na wazee, kwa kuwa kukandamiza kwataka nguvu.

Gunia letu lingali katika ghala la chama. Juma lililopita nilikuta limepasuka mshono wa kifuani, na akina mama walikuwa wakilishona.