Maili Saba Kusini, Maili Saba Kaskazini

Unguja imewahi kuwa na reli mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa ya maili saba. Ya kwanza ilikwenda kusini, kutoka kasri la Sultani mjini hadi Chukwani. Ya pili ilikwenda kaskazini, kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu. Hazikukutana hata siku moja, maana ya kwanza ilikuwa imeshang'olewa miaka mingi kabla ya ya pili kutandikwa.

Ukiuliza kwa nini hazikudumu, jibu jepesi liko tayari: kisiwa kidogo, reli ya nini? Jibu hilo lina kasoro moja, nayo ni Morisi. Kisiwa cha Morisi hakifiki kilomita za mraba 1,900. Unguja ina zaidi kidogo ya 1,600. Tofauti hiyo haitoshi kumnyima mtu treni. Hata hivyo Morisi ilianza kuendesha reli mwaka 1864 na haikuifunga kabisa hadi 1964, na mwaka 2019 ikazindua nyingine, ya umeme. Unguja ilipata miaka tisa ya reli ya kwanza na kumi na saba ya abiria katika ya pili. Udogo wa kisiwa basi haumalizi maneno. Inabidi tuulize ile njia ilijengwa na nani, ilibeba nini, na ilisimama wapi.

Reli ya Chukwani ilikuwa ya Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Huyu alikuwa mtu wa miradi. Aliwaletea watu wa mjini maji ya bomba kutoka kwenye chemchemi za nje ya mji, na mwaka 1883 akasimamisha Beit al-Ajaib, jumba ambalo mpaka leo kila mtalii hulipiga picha. Mwaka 1879 alitandika reli kwenda kwenye kasri lake la Chukwani. Mwanzoni mabehewa mawili yalivutwa na nyumbu. Mwaka 1881 akaagiza kwa kampuni ya Bagnall ya Uingereza injini ndogo ya mvuke, ikapewa jina la Sultanee. Ndiyo inayotajwa kuwa injini ya kwanza ya treni ya mvuke katika Afrika Mashariki. Wajerumani hawakuanza kujenga reli Tanga hadi 1893, na Waingereza hawakuanza Mombasa hadi 1896. Kwa hiyo kwa miaka kama saba, aliyetaka kusikia mlio wa treni katika upande huu wa dunia ilimbidi aje Unguja, asimame pembeni, na asipande.

Reli ya mtu mmoja ina faida yake: haina foleni. Hasara yake ni kwamba mwenyewe akifa hakuna wa kuulizia ratiba. Barghash alifariki Machi 1888, na reli ikaondolewa, injini ikaishia kwenye vyuma chakavu. Hakukuwa na mfanyabiashara wa kulalamika kwamba mzigo wake umekwama, wala abiria wa kusema atachelewa. Siku hizi Chukwani kuna Baraza la Wawakilishi, na waheshimiwa hufika kwa magari.

Ya pili ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu hiyo ilikuwa ya watu, au angalau watu waliipanda. Ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, Arnold, Cheney & Co., ikaanza kazi mwaka 1905. Wamarekani hawakuwa wageni Unguja. Mkataba wao wa biashara na Seyyid Said ni wa mwaka 1833, na shuka zao za pamba zilienea bara hadi zikabaki na jina la merikani. Kampuni hii ya New York biashara yake kubwa ilikuwa pembe za ndovu, zilizosafirishwa hadi Connecticut zikachongwa vibao vya piano. Bububu hakuna ndovu. Kulikuwa na minazi, miembe, chemchemi, na mashamba ya watu wenye nafasi; Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliitaja Bububu katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1886. Kampuni ya pembe ilitafuta nini huko?

Ilitafuta kibali, na ilikipata. Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890, na kampuni hiyohiyo ndiyo iliyoingia pia katika kazi ya kuleta umeme mjini. Kwa serikali, mpango wa namna hii ulikuwa na utamu wake: maendeleo yanaonekana barabarani, na fedha zinatoka mfukoni mwa mwingine. Upana wa reli ulikuwa futi tatu, kipimo kilichozoeleka sana Marekani kwa reli nyembamba. Reli ya Mombasa ilikuwa ya mita moja, yaani inchi tatu na kitu zaidi. Kisiwani haidhuru, hakuna treni ya bara itakayovuka bahari kuja kuungana na ya Unguja. Lakini siku injini ikichoka, behewa au injini ya jirani haiwezi kuazimwa.

Kuna picha za zamani za treni hii ikipita mjini, na zimeenea sana kwenye postikadi. Ukizitazama unaelewa mara moja mji ule ulikuwa na subira kiasi gani. Reli imelala katikati ya mtaa, nyumba zimesimama kuume na kushoto, na treni inajipenyeza katikati. Mabehewa yana paa lakini ubavuni ni wazi, abiria wameketi upepo ukiwapiga, karibu na kuta kiasi kwamba mwenye mkono mrefu angeweza kuchukua kikombe cha kahawa barazani bila kushuka. Hakuna uzio, hakuna geti. Usalama ulikuwa ni kengele, mlio, na akili ya mpita njia.

Ikishatoka mjini ilishika mwambao. Ilipita sehemu za Marahubi, ambako kasri la Barghash lilikuwa limeungua mwaka 1899 na kubaki nguzo, kisha Mtoni, kasri la zamani la Seyyid Said, hadi Bububu. Ilikuwa safari nzuri, hilo halina ubishi. Siku moja ilikuwa na safari sita au saba, na usiku pia treni ilitembea. Waliojaza mabehewa walikuwa wenyeji. Kulikuwa pia na behewa maalumu la daraja la kwanza, lililotumiwa sana na abiria wa meli zilizotia nanga. Moshi wa injini, kwa kuwa haukusoma tiketi, uliingia madaraja yote.

Sasa tuje kwenye mzigo, maana reli hujulikana kwa mzigo wake. Utajiri wa Zanzibar ulikuwa karafuu, na anayesikia hivyo hudhani treni ilikuwa na kazi tele. Hapo ndipo hesabu inapokorofisha. Kwanza, tangu kimbunga cha 1872 kilipong'oa mikarafuu ya Unguja, sehemu kubwa ya karafuu ilitoka Pemba, na karafuu ya Pemba huja kwa chombo, haijali reli ya Unguja iko wapi. Pili, itazame karafuu yenyewe shambani. Huchumwa mbichi, huchambuliwa makonyo, huanikwa juani kwenye majamvi kwa siku kadhaa. Ikikauka uzito wake hushuka hadi karibu theluthi moja. Kinachotoka shambani ni gunia jepesi la mali ghali, na linaweza kungoja wiki nzima bila kuharibika. Punda analiweza. Gari la ng'ombe linaliweza zaidi. Mwenye shamba hapotezi kitu akichelewa, pengine hata anasubiri bei ipande.

Miwa ni kinyume chake kabisa. Ni mizito, thamani yake kwa uzito ni ndogo, na ikishakatwa lazima ifike kiwandani upesi la sivyo utamu unapotea. Zao la namna hiyo linalia reli. Ndiyo maana Morisi, kisiwa cha miwa na viwanda vya sukari, kilikaa na treni karne nzima. Si kwamba watu wa Morisi walipenda treni kuliko Waunguja. Shamba lao ndilo lililolipa nauli.

Juu ya yote hayo, njia ya Bububu ilishika pwani na kukomea pale nchi ya mashamba inapoanza hasa. Mashamba makubwa ya karafuu yako ndani, kwenye miinuko ya upande wa mashariki na kaskazini ya hapo, Kidichi na kuendelea. Mwenye gunia lake huko alipaswa kwanza kulishusha hadi Bububu kwa punda au kwa gari la ng'ombe. Akishafika, mnyama yuko tayari njiani, mzigo umeshafungwa, na mji uko maili saba mbele, mwendo wa asubuhi moja. Kwa nini alishushe, alipie tiketi ya mzigo, alipakie kwenye behewa, kisha alishushe tena Ngome Kongwe na kumlipa hamali alifikishe ghalani? Kila mkono unaogusa gunia unataka chake. Reli ya maili 70 hufuta gharama hizo kwa urefu wa safari. Ya maili saba inazibeba zote na haina mahali pa kuzifutia.

Kwa hiyo treni ya Bububu ilibaki na abiria, matunda na nazi za watu wa pwani, na wageni wa meli waliotaka kuliona shamba kabla nanga haijang'olewa. Si biashara mbaya. Lakini ni biashara inayoweza kuchukuliwa siku yoyote na chochote chenye magurudumu kinachosimama mlangoni pa abiria.

Wamarekani waliliona hilo mapema. Mwaka 1911 reli iliuzwa kwa serikali. Hapa wapo wanaosema serikali iliokoa huduma ya umma, na pengine nia ilikuwa hiyo. Ila serikali ile ile ilishika kazi nyingine kwa juhudi kubwa zaidi: barabara. Unguja ikapata barabara nzuri, na barabara ya kwenda Bububu ikafuata mwambao ule ule, kwa kuwa mwambao ni mmoja. Magari yakaingia. Gari halihitaji kituo, halingoji injini ipate mvuke, na dereva wake husimama akipungiwa mkono. Mwenye reli na mwenye barabara alikuwa mmoja, na alizishindanisha mali zake mwenyewe kwa fedha za hazina moja. Mwenye duka hafungui duka la pili mlango wa pili kuuza bidhaa ileile kwa bei nafuu. Serikali huweza, kwa sababu hasara haimli yeye.

Mwaka 1922 huduma ya abiria ikasimamishwa. Reli yenyewe haikung'olewa papo hapo. Kwa miaka kadhaa ilitumika kuvuta mawe ya kujazia ufukwe kwa ajili ya bandari, na hapo ndipo, mwishoni kabisa, ilipopata mzigo ulioifaa: mzito, wa bei ndogo, wa kwenda sehemu moja tu, usiojali kama behewa lina kiti. Kama kuna mtu aliyegundua jambo hilo wakati ule, hakulifanyia kazi. Mawe yalipokwisha, reli nayo ikaisha.

Naona si haki kuilaumu barabara. Barabara iliichukua kazi ambayo reli haikuwahi kuishika vizuri. Kosa lilifanyika mapema zaidi, siku njia ilipochorwa: ilichorwa kufuata mandhari na kibali, haikuchorwa kufuata mzigo. Ingeingia ndani kwenye mashamba, au ingeanza na mawe na chokaa, huenda ingefika miaka ya 1930 au zaidi. Isingefika milele, kwa kuwa hata ya Morisi haikufika, lakini isingekuwa kichekesho.

Wenye kupanga miradi ya usafiri visiwani leo, iwe ya treni au ya mabasi makubwa, wangefaidika kuanza na swali hilo kabla ya michoro ya rangi: mzigo uko wapi, na nani atalipa mwenye mradi akiondoka? Kwa sasa Unguja haina reli hata ya yadi moja inayofanya kazi. Anayekwenda Bububu hupanda daladala namba 502, na humo hakuna daraja la kwanza.