MAMA ULIYEHAMIA, FUNGUA DAFTARI LA MTOTO

Mama, je, umehamia Kilosa au Mikumi kutoka mbali? Huko peke yako. Tangu zamani watu walikuja Kilosa kukata mkonge katika mashamba ya Kimamba na Rudewa. Wafugaji nao walikuja na ng'ombe wao. Mikumi watu huja kufanya biashara kando ya barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia.

Mama akihama, mtoto naye anaacha shule yake. Hapo ndipo watoto wengine hupotea. Mvulana anapewa ng'ombe. Msichana anapewa mdogo wake abebe. Mama anaona haya kwenda shuleni, kwa sababu Kiswahili hakijui vizuri na kusoma hajui. Mwalimu akiandika barua, mtoto ndiye anayemsomea mama. Kama barua inasema mtoto ni mtoro, je, atasoma ukweli?

Mama, fanya hivi:

1. Kabla ya kuhama, mwone mwalimu mkuu. Mwombe karatasi ya uhamisho. Ukifika, ipeleke shule mpya upesi. Usingoje mavuno.

2. Kila jioni fungua daftari la mtoto. Jifunze kwanza tarakimu, 0 mpaka 9. Zitakusaidia kusoma tarehe. Kama tarehe ya mwisho ni ya juma lililopita, muulize mtoto: "Siku hizi ulikuwa wapi?"

3. Nenda kwenye mkutano wa wazazi. Shule ina kamati, na wazazi wamo. Mgeni naye ni mzazi. Kama Kiswahili kinakushinda, nenda na jirani akusaidie kusema.

4. Jifunze wewe mwenyewe. Mwaka 1967, katika kila watu wazima 100 wa Tanzania, kama 67 hawakujua kusoma. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu walisoma madarasani, na hata chini ya miti. Wengi wao walikuwa akina mama. Nawe unaweza. Mwulize mwalimu mkuu au mtendaji wa kijiji kama kuna darasa la watu wazima. Kama halipo, shikaneni akina mama kadhaa, mkaliombe pamoja. Mmoja akiomba, husahauliwa. Kumi wakiomba, husikilizwa.

Mama anayesoma hadanganywi na barua. Anza leo jioni. Mwite mtoto, mkae pamoja, mfungue daftari.