Kabla Mtoto wa Mbwa Hajaingia Nyumbani

Ndugu wananchi wa Busia, Malaba, Mutukula na vijiji vyote vilivyo kando ya mpaka,

Mwenye boma hufuga mbwa ili alale kwa amani. Lakini mbwa huyo huyo, asipoandaliwa mapema, huwa chanzo cha ugomvi baina ya majirani, na pengine cha msiba. Shida haianzi siku anapomng'ata mtoto wa jirani. Huanza siku alipoletwa ndani ya kikapu, wala hapakuwa na kitu kilichotayarishwa kumpokea. Kwa hiyo tumeona vema kueleza mambo ya kununua na kutayarisha kabla ya siku hiyo.

Kwanza ni makao. Liwepo banda lisilovuja, lenye sakafu iliyoinuka na gunia kavu la kulalia, pamoja na lango linalofungika. Ununuliwe pia ukosi wa shingoni wenye nafasi ya kupitisha vidole viwili, ulegezwe kadiri anavyokua, na kamba imara ya kumwongoza. Mbwa anayefungwa mnyororo mchana kutwa huwa mkali pasipo kuwa mlinzi bora.

Pili ni chakula. Mtoto wa mbwa asiachishwe mama yake kabla ya kutimiza wiki nane. Zitafutwe bakuli mbili nzito zisizopinduka, moja ya maji safi na moja ya chakula. Tumbo lake ni dogo, basi alishwe kidogo kidogo, mara tatu au nne kwa siku. Ugali mtupu haumjengi. Uchanganywe na dagaa, mayai au nyama. Mifupa iliyopikwa hukatika vipande vyenye ncha kali, na vitunguu ni sumu kwake.

Tatu ni dawa. Iandaliwe dawa ya minyoo, kwa kuwa minyoo ya mbwa huweza kuwapata hata watoto wetu wachezao mchangani. Dawa ya kupe na viroboto ilingane na umri na uzito wake. Ile ya kuogeshea ng'ombe isitumiwe kwa kukisia.

Nne, nalo ndilo kubwa, ni fedha ya chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufariki, na wagonjwa walio wengi huambukizwa na mbwa. Kwa kawaida chanjo ya kwanza hutolewa mbwa afikapo miezi mitatu, kisha hurudiwa kwa ratiba ya daktari wa mifugo. Kabla ya hapo asiachwe kuzurura. Asiye na fedha ya chanjo hajawa tayari kufuga.

Sisi wa mpakani tuna jambo la ziada. Ugonjwa hausimami kwenye kizuizi cha forodha. Anayenunua mbwa ng'ambo ya mpaka aulize mapema, katika ofisi za mifugo za pande zote mbili, kuhusu kibali cha kumwingiza, cheti cha afya na cheti cha chanjo. Kumficha ndani ya gunia na kumpitisha njia ya panya ni kuvunja sheria, na ni kuleta kijijini mnyama ambaye hakuna ajuaye alikotoka wala alichokutana nacho. Asiyefikia umri wa kuchanjwa ni heri abaki kwa mama yake hadi hati zikamilike.

Ikitokea mtu ameng'atwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Wakati huohuo daktari wa mifugo na polisi wapewe taarifa. Mbwa asiuawe kwa hasira iwapo anaweza kufungiwa salama, kwani kumchunguza kwa siku 10 humsaidia daktari kuamua tiba.

Jirani mwema hulinda boma lake bila kuhatarisha la mwenzake. Tuandae kwanza, ndipo tulete mbwa.