Ujira wa Aliyeugua Akili ni Haki Yake

Ndugu Waislamu, katika mialo ya Kibirizi na Katonga, na katika mitaa ya Ujiji, wapo vijana waliopata kuugua maradhi ya akili, wakatibiwa, wakatulia. Asubuhi hubeba maji, hutandaza dagaa, hupakua mizigo mitumbwini. Jioni hupewa sahani ya ugali na kuambiwa inatosha. Sisi tunasema haitoshi. Mtume (S.A.W.) ameamrisha mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, wala hakumbagua aliyewahi kuugua.

Watakuwapo wa kusema kwamba fedha atazipoteza. Aya ya 5 ya Sura An-Nisaa imeligusa jambo hilo: asiyeweza kusimamia mali asikabidhiwe, bali alishwe na avishwe kutokana nayo, na asemeshwe maneno mema. Mlezi hapo ni mtunzaji; hakuruhusiwa kuila. Na yule aliyepata nafuu, ambaye bei ya sukari anaijua kuliko sisi, atunziwe kwa sababu gani?

Familia nyingi husubiri mgonjwa apone kabisa ndipo atafutiwe kazi. Huko Marekani, tangu miaka ya 1990, wataalamu wamefuata njia nyingine: anayetaka kazi hutafutiwa mapema kazi ya kweli yenye ujira, kisha msaidizi huendelea kuwa karibu naye na mwajiri wake. Tafiti za nchi kadhaa zimeonyesha kuwa njia hii huwafikisha wengi zaidi kwenye ajira kuliko kuwafunza kwanza kwa muda mrefu. Kwetu msaidizi huyo aweza kuwa kaka, shangazi au jirani wa msikitini.

Kazi ichaguliwe kwa busara. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na kukosa usingizi huweza kuyaamsha maradhi kwa baadhi yao. Kuanika na kugeuza dagaa mchana ni afadhali. Mwezi unapokuwa mpevu wavuvi hupumzika, nao ni wakati mwema wa kufuata dawa. Dawa zisikatizwe ati kwa kuwa mtu ameanza kushika fedha.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, ambayo hutambua pia ulemavu utokanao na akili, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuajiri wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Tajiri wa dagaa mwenye vibarua 5 hafikiwi nayo. Yeye ana daftari lake la malipo. Jina la kijana huyo liandikwe humo, na kiasi kilekile wanacholipwa wenzake.