Isongole: Serikali Kuu Inaishia Wapi, Halmashauri Inaanzia Wapi?

Tanzania Bara haina serikali za majimbo. Mkoa ni mkono wa Serikali Kuu, na Mkuu wa Mkoa huteuliwa na Rais, kama anavyoteuliwa Mkuu wa Wilaya. Hata mipaka yake ni ya kupangwa kutoka juu: Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, kwa kuwa Katiba inampa Rais uwezo wa kuigawa nchi katika mikoa na wilaya. Madaraka yanayotokana na kura za wenyeji yapo chini zaidi, kwenye halmashauri, kijiji na kitongoji. Ibara ya 146 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Undani wake umeachiwa sheria za Bunge, na hapo ndipo penye shida.

Isongole, kata ya mpakani katika Wilaya ya Ileje, ni mahali pa kuuona mgawanyo huo kwa macho. Ng'ambo ni Malawi, upande wa Chitipa. Uhamiaji, forodha na polisi ni kazi za Serikali Kuu. Diwani hana kauli kuhusu nani avuke wala bidhaa gani itozwe kiasi gani. Lakini lori likipakia mahindi au kahawa ya Ileje kuelekea Tunduma, hulipiwa ushuru wa mazao, na huo ni wa halmashauri. Mkusanyaji getini anabonyeza mashine ya POS, stakabadhi inatoka, na fedha inaingia kwenye mapato ya ndani. Kisheria mlipaji ni mnunuzi, ingawa mnunuzi mjanja humshushia mkulima bei na mzigo ukarudi shambani.

Hata hivyo, ukomo wa ushuru huo haupangwi Itumba, makao makuu ya wilaya. Mwaka 2017 Bunge liliushusha kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, likasamehe pia mzigo wa mkulima usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Wakulima walipumua. Halmashauri zinazoishi kwa mazao zikabaki na pengo.

Barabara ya lami kutoka Mpemba hadi Isongole ni ya TANROADS, chini ya wizara inayosimamia ujenzi. Njia za vijijini zilikuwa mikononi mwa wahandisi wa halmashauri mpaka mwaka 2017, ilipoanzishwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Mwaka 2019 maji ya vijijini nayo yakahamia RUWASA, wakala ulio chini ya Wizara ya Maji. Shule za msingi na sekondari, zahanati na vituo vya afya vimebaki kwa halmashauri, lakini mishahara ya walimu na wauguzi inatoka Hazina. Wananchi hawasomi sheria kabla ya kulalamika: bomba likikauka au daraja la kijijini likisombwa, anayeulizwa mkutanoni ni diwani, ambaye hana fundi wala fungu la kazi hiyo.

Fungu lililobaki kwa halmashauri yenyewe hushikwa na mkurugenzi wake, naye huteuliwa na Rais. Madiwani wana mwenyekiti wao na wana haki ya kumbana mkurugenzi kwa maswali, ila hawawezi kumwajiri. Sheria ndogo wanazozitunga huanza kutumika baada ya waziri mwenye dhamana kuziridhia. Bajeti yao hupita mkoani na TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa, kabla ya kufika bungeni, na sehemu yake kubwa ni fedha ya Serikali Kuu inayokuja ikiwa tayari na maelekezo. Kodi ya majengo, iliyokuwa tegemeo la miji kama Tunduma, ilikabidhiwa TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, mwaka 2016, na tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU, mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia.

Kinachotolewa na Bunge, Bunge linaweza kukichukua. Mwaka 1972, kwa mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilifutwa; za miji zikafuata mwaka uliofuata. Madaraka yalifika mikoani kweli, lakini kwa maofisa. Huduma za miji zilizorota hadi halmashauri zake zikarudishwa mwaka 1978. Za wilaya zilisubiri sheria za mwaka 1982, zikaanza tena kazi mwaka 1984.

Ndani ya nchi hiyohiyo, Zanzibar imewekewa ukuta mgumu zaidi. Mambo ya Muungano, yaliyokuwa 11 mwaka 1964 na sasa ni 22, yameorodheshwa kwenye Katiba, na yasiyokuwemo ni ya Zanzibar yenyewe kwa upande wake. Kuibadili orodha hiyo kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar. Kenya nayo, kwa Katiba ya mwaka 2010, iliziandikia kaunti zake 47 kazi zao pamoja na mgawo usiopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa, na magavana huchaguliwa na wananchi. Kaunti hugombana na Nairobi kuhusu fedha kila mwaka, lakini haziwezi kufutwa kwa sheria ya kawaida. Halmashauri ya Ileje haina kinga ya namna hiyo.

Madaraka yenye uzito yaliyobaki kwa mwananchi wa kawaida yapo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambako kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana nafasi. Hapo ndipo mapato na matumizi ya kijiji husomwa, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Mkuu wa Wilaya hana mamlaka ya kugawa ardhi hiyo. Rais ndiye anayeweza kuihamisha kwa manufaa ya umma, na fidia sharti ikubaliwe kwanza.