Akwaponiki nyumbani: pima pampu pamoja na bomba lake

Mkazi anayetaka kufuga tilapia na kukuza sukuma wiki kwa maji yale yale hufikiria sana kuhusu pampu. Bomba huchukuliwa lolote lililobaki nyumbani, kwa kawaida la nusu inchi. Uamuzi huo mdogo unaweza kuua samaki wote tangini.

Katika akwaponiki, pampu hupandisha maji ya samaki hadi kwenye kitalu cha kokoto chenye mboga, kisha maji hurudi tangini kwa mteremko. Bakteria walio kwenye kokoto hugeuza amonia inayotoka kwa samaki kuwa naitreti, ambayo ni chakula cha mimea. Maji yakizunguka polepole mno, amonia hujaa na oksijeni hupungua. Kwa sababu hiyo wafugaji wengi hulenga maji yote ya tangi yazunguke mara moja kila saa. Tangi la lita 1,000 linahitaji lita 1,000 kwa saa, na hizo ni lita zinazofika kitaluni.

Hapa ndipo kibandiko cha pampu huwachanganya wanunuzi. Kikisema lita 2,000 kwa saa na kimo cha mita 2, nambari hizo mbili hazipatikani kwa wakati mmoja. Lita 2,000 hutoka pampu isipopandisha maji hata kidogo. Kwenye mita 2 hakuna tone linalotoka. Kitalu kikiwa mita 1 juu ya maji ya tangi, tarajia takriban nusu, yaani lita 1,000.

Bomba nalo hula sehemu yake. Kupitisha lita 1,000 kwa saa katika bomba lenye upana wa ndani wa milimita 15 huigharimu pampu nguvu sawa na kupandisha maji sentimita 20 zaidi kwa kila mita ya bomba. Katika bomba la milimita 25, gharama hiyo hushuka hadi chini ya sentimita 2. Kwa hivyo pampu yetu, ikiwa na mita 4 za bomba jembamba, hufikisha lita 650 hivi. Ikifungiwa bomba pana, hukaribia lita 1,000 bila kuongeza hata shilingi moja ya stima. Kila kona huongeza mzigo. Kumbuka pia kwamba bomba la plastiki lililoandikwa milimita 20 limepimwa kwa nje; ndani ni jembamba zaidi.

Huhitaji mita ya maji kuhakikisha. Kinga ndoo ya lita 20 pale maji yanapomwagikia kitaluni na uhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 72, hizo ni lita 1,000 kwa saa. Ikichukua dakika mbili, ni lita 600 tu. Rudia kipimo hicho mara kwa mara, kwani uchafu wa samaki huziba chujio la pampu.

Kununua pampu kubwa kupita kiasi si suluhisho. Pampu ya wati 40 ikiwaka usiku na mchana hutumia karibu uniti moja ya stima kila siku, na kubwa zaidi humaliza tokeni haraka. Ikiwa tayari unayo, weka tawi lenye valvu linalorudisha maji ya ziada tangini. Maji hayo yakianguka kutoka juu huwaongezea samaki oksijeni.

Bomba la kurudishia maji ndilo linalosahauliwa, ingawa hatari yake ndiyo kubwa zaidi. Halisukumwi na pampu, hutegemea mteremko peke yake, kwa hivyo lazima liwe pana kuliko la kupandishia. Ukipandisha kwa inchi moja, rudisha kwa inchi moja na nusu au mbili. Mizizi ikiziba njia, kitalu hufurika huku pampu ikiendelea kumwaga maji ya samaki uani. Iweke pampu juu ya matofali, isikae sakafuni mwa tangi, ili hata hilo likitokea samaki wabaki na maji ya kutosha hadi asubuhi.

Ukienda kwa afisa wa uvuvi wa kaunti ndogo yako kuomba ushauri, beba ujazo wa tangi, kimo cha kitalu, urefu wa bomba na idadi ya kona.